Betri Iliyokataa Kufa

Nikiulizwa nilisomea nini Guangzhou, najibu kwamba nilisomea betri, na watu wengi huishia hapo kwa heshima. Wachache huendelea: betri gani? Nikisema betri za maji, nyuso zao hubadilika, maana mtu yeyote aliyelelewa vizuri anajua kwamba maji na umeme havilali chumba kimoja. Basi huwa nawaeleza taratibu, kama nitakavyokueleza wewe. Usiogope. Hakuna mtihani, na ukielewa nusu utakuwa umenizidi mimi wa mwaka wa kwanza.

Chukua zinki, ile ile inayopakwa kwenye mabati ya paa yasishike kutu. Weka kipande chake upande huu na kitu kingine upande ule, kisha katikati mimina maji yaliyoyeyushwa chumvi ya zinki. Maji hayo ya chumvi ndiyo elektroliti. Kazi yake ni kuvusha chembe za zinki kwenda ng'ambo, na kuzirudisha unapochaji. Betri hii haishiki moto. Haina madini ya kupigania. Ukiiangusha, unapangusa. Kwa kifupi ina kila sifa ya mchumba mwema isipokuwa moja: haidumu.

Kwa nini haidumu? Chembe ya zinki ndani ya maji haitembei peke yake. Inatembea kama mheshimiwa, imezungukwa na wapambe sita, na wapambe hao wote ni maji. Ikifika mlangoni, yaani kwenye uso wa bati, kile kipande cha zinki, mheshimiwa anaingia ndani, wapambe wanabaki nje bila kazi. Wapambe wasio na kazi unawajua. Wanaanza fujo. Wanavunjika na kutoa hewa ya haidrojeni, betri inavimba kama andazi; wanalitafuna bati na kuacha ukoko mweupe. Na waheshimiwa nao, wakishaingia, hawakai kwa mpangilio. Kila mmoja anataka kukaa juu ya yule ambaye tayari amekaa juu, mpaka bati linaota miiba. Mwiba mmoja ukirefuka vya kutosha, unavuka na kugusa upande wa pili. Uweke akilini mwiba huo.

Kuboresha elektroliti, basi, ni kubadilisha wapambe. Unatia kiungo ndani ya maji, nacho kinachukua nafasi ya mpambe mmoja au wawili pembeni mwa mheshimiwa, au kinasimama mlangoni na kupanga foleni. Fujo inapungua. Swali ni kiungo gani, na hapo ndipo wanasayansi wa dunia nzima, watu wazima wenye shahada na miwani, walipoamua kuingia jikoni. Walitia sukari. Walitia mbolea ya urea. Mwenzetu mmoja alitia dondoo la majani ya chai. Mwingine alitia unga uliotokana na maganda ya kamba wa baharini, akanuka kamba muhula mzima. La ajabu ni kwamba vyote vilifanya kazi. Nimesoma machapisho mengi ya fani hii na sikumbuki kukutana na kiungo kilichoshindwa. Fani nyingine zina majaribio yanayoshindwa. Sisi tulikuwa tumebarikiwa.

Guangzhou ni mji unaofaa kwa sayansi ya namna hii. Watu wake huchemsha supu tangu asubuhi hadi jioni, wakitia mizizi, maganda, kokwa na mifupa, na kila kimoja kina sababu yake: hiki cha mapafu, hiki cha joto la mwili, hiki cha mtu aliyeachwa. Profesa wetu, ambaye sote tulimwita laoshi, yaani mwalimu, alikuwa mtu wa mji huo. Sharti lake lilikuwa fupi: kama kinayeyuka na hakuna aliyewahi kukitia, kitie. Mimi nilipewa utamu. Si sukari, sukari ilikuwa imeshachukuliwa na watu wa mji mwingine. Nilipewa ule unga mtamu unaotiwa kwenye ubani wa kutafuna usio na sukari. Mama yangu mzazi alipouliza kwenye simu ninafanya nini huko mbali, nikamwambia, alisema, "Soma, mwanangu. Hata hivyo soma."

Maabara yetu ilikuwa na desturi mbili ambazo lazima uzijue.

Ya kwanza ni nyota. Kila Jumatatu tulikutana, na kila mtu alionyesha mchoro wake. Kwenye mchoro huo, kazi za watafiti wengine wote duniani huwekwa kama vidoti vya kijivu, vimerundikana chini kushoto kama kondoo kwenye mvua. Kazi yako unaiweka kama nyota nyekundu, juu kulia, peke yake. Kama nyota yako haiko juu kulia, unatafuta namna nyingine ya kuchora mistari hadi ifike. Hakuna aliyefundishwa jambo hili. Tulilinyonya tu, kama watoto wanavyojifunza kudanganya umri kwenye basi.

Ya pili ni kwamba seli inayokwenda haiguswi. Seli ni betri ndogo ya majaribio, ukubwa wa sarafu, inayofungwa kwenye kabati la vipimo na kuachwa iendeshwe na mashine huku na huku. Ikikwenda vizuri, huigusi, hupiti karibu nayo kwa kishindo, na husemi kwa sauti kwamba inakwenda vizuri. Mwanafunzi mkubwa kuliko sote, ambaye kwa desturi ya Kichina tulimwita shixiong, kaka mkubwa wa kusoma, alikuwa akiweka chungwa juu ya kabati kwa ajili ya bahati. Alikuwa mtu wa Chaozhou, mji wa wapenda chai, mwenye vikombe vya chai vidogo kama vizibo, na alikuwa karibu kuhitimu kwa muda mrefu sana.

Mimi nami nilitakiwa kuhitimu. Ufadhili wangu ulikuwa unaisha Juni. Kanuni ya idara ilikuwa wazi: bila chapisho, hakuna shahada. Nyumbani, chuo kilichonipeleka kilikuwa kimenishikia nafasi ya uhadhiri, na mkuu wa idara yetu alikuwa ananitumia salamu za upole ambazo kila mara ziliishia na neno "lini". Kwa hiyo sikuwa na betri tu ndani ya kabati lile. Nilikuwa na maisha yangu yote ndani ya kitu kinachoweza kumezwa na mtoto.

Jaribio lenyewe ni rahisi kuliko linavyosikika. Unaweka zinki pande zote mbili, elektroliti yako katikati, unasukuma umeme uende huku kwa muda, halafu urudi. Mashine inachora mstari wa volteji, na volteji hiyo inakuonyesha taabu wanayopata waheshimiwa kuvuka. Taabu ikiwa kubwa, mstari unapanda. Kila mara umeme unapogeuka pana kinundu kidogo mwanzoni, kwa kuwa mheshimiwa wa kwanza kukaa kwenye bati tupu hupata shida kuliko wanaomfuata. Seli ikifa kwa kuvimba, mstari unaruka juu kama mtu aliyekanyaga moto.

Seli yangu ilianza kama nyingine zote, na vinundu vyake na taabu zake. Kisha ukaja ule msimu wa mwanzo wa mwaka ambapo upepo wa kusini huleta unyevu na kuta za Guangzhou hutoka jasho. Sakafu za korido zinalowa, watu wanatandika maboksi, nguo hazikauki, na kioo cha bafuni hakina kazi. Asubuhi moja katika msimu huo nilifungua kompyuta nikakuta mstari wangu umeshuka na kunyooka. Umetulia, chini kabisa, kama umepigwa rula. Wiki iliyofuata ulikuwa vile vile. Na iliyofuata. Seli za wenzangu zikawa zinakufa moja moja kulia na kushoto, yangu inasonga.

"Elektroliti imekomaa," alisema laoshi kwenye mkutano wa Jumatatu. Hakuwa mtu wa kutabasamu, lakini siku hiyo alikaribia.

"Kama ganda la chungwa," alisema kaka mkubwa. Huko Guangdong hukausha maganda ya machungwa na kuyatunza miaka mingi ya kutia kwenye supu na chai, na wanaapa kwamba kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyozidi kuwa bora. Basi tukakubaliana kwamba betri yangu ilikuwa ganda la chungwa. Nyota yangu ilipanda juu kulia hadi ikabidi tuongeze nafasi kwenye karatasi. Tukaenda kula bata, laoshi akalipa, na kaka mkubwa akabadilisha chungwa akaweka kubwa zaidi.

Laoshi alialika wageni: watu wa kiwanda cha betri na maofisa wawili watatu, waje Ijumaa kuona seli isiyokufa. Mimi ndiye niliyepangiwa kueleza. Sababu aliyotoa ni kwamba ninajua kueleza. Sababu ambayo hakuitoa ni kwamba mwanafunzi wa Kiafrika hupendeza kwenye picha ya ushirikiano wa kimataifa. Sikuchukia. Sababu ya kwanza ilikuwa kweli pia.

Jumapili kabla ya ziara nilikwenda Dengfeng, kule Xiaobei wanakokaa Waafrika wengi, kufanya mazoezi ya maelezo yangu kwa mtu asiye na huruma. Rafiki yangu huko alikuwa mama mmoja wa Lubumbashi, mfanyabiashara wa viatu vya soko la Zhanxi na taa za sola, ambaye tangu nimfahamu alikuwa anaondoka wiki ijayo. Tulikaa kwenye mgahawa wa ghorofani, tukaagiza wali na samaki.

"Alors, mutoto yangu," alisema, "ile betri yako ya mayi, iko tayari?"

"Karibu, Mama."

"Karibu yako iko sawa karibu ya kontena. Taa zangu zinalala mu depo tangu Pasaka. Batu ba kargo banakatala. Banasema betri itaungua mu meli. Sasa weye unapika betri ya mayi, mayi haiungui, lakini unapika tu, haiivi."

"Inaiva Ijumaa. Wageni wanakuja. Acha nikueleze kama wewe ndiye mwenye kiwanda."

"Eleza. Mwenye kiwanda iko anakula."

Nikaeleza. Alinivumilia hadi kwa waheshimiwa na wapambe, akacheka, akasema kwao wapambe hawabaki nje, wanaingia na kufunga mlango. Kisha simu yake ikaita. Alikuwa muuzaji wa viatu, na Mama akanisahau papo hapo. "Laoban," alimwambia, yaani bosi, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "tai gui le, laoban, tai gui le." Ghali mno, bosi, ghali mno. Niliendelea na maelezo yangu, nikimweleza samaki.

"Mwanzoni," nilimwambia samaki, "chembe zilipata taabu ya kiasi hiki kuvuka. Baada ya wiki kadhaa, ghafla, taabu ikaisha."

Nikaweka kijiko chini. Taabu ikaisha ikaenda wapi?

Maji yalikuwa yale yale. Kiungo kilikuwa kile kile, bati lile lile. Kitu kinachokomaa hukomaa polepole. Hakikomai kati ya Jumanne na Jumatano. Katika maisha niliyoyaona, mtu anayeamka asubuhi moja na kukuta taabu zake zote zimekwisha ni wa aina mbili: aliyepata ndugu serikalini, na marehemu. Betri yangu haikuwa na ndugu serikalini.

Mama alimaliza simu yake. "Nini? Samaki haiko muzuri?"

"Samaki ni mzuri, Mama."

"Basi kula. Sura yako iko sawa ya mutu wa matanga."

Kesho yake nilifungua mchoro na kuukuza. Sikuangalia urefu wa mstari, jambo ambalo sote tulikuwa tumeliangalia kwa upendo. Niliangalia umbo la kila mzunguko. Vile vinundu vidogo vya mwanzo havikuwepo. Vilikuwepo hadi ile asubuhi ya jasho, kisha vilitoweka vyote kwa pamoja, na mahali pake palikuwa na pembe kali kama za boksi. Nikamfuata kaka mkubwa, aliyekuwa kwenye meza yake akisuuza vikombe vyake vya vizibo.

"Nataka kuisimamisha seli yangu niipime," nilisema.

Akanimiminia chai. "Umelala vizuri?"

"Nimelala. Nadhani imekufa."

"Dada mdogo, unajua kwa nini hatugusi seli inayokwenda? Kwa sababu inakwenda. Ijumaa wageni wanakuja. Jumamosi unaweza kuisimamisha, unaweza kuichoma, unaweza kuila."

"Na kama imekufa tayari?"

"Kama imekufa, haitakufa zaidi kufikia Jumamosi."

Nilimwonyesha mchoro. Aliutazama kwa muda, chai ikapoa, jambo ambalo kwa mtu wa Chaozhou ni dalili mbaya.

"Vinundu havipo," alisema.

"Havipo."

"Labda kiungo chako kimevisawazisha. Unaweza kuandika hivyo."

"Unaamini?"

"Sikusema naamini. Nimesema unaweza kuandika."

Nilikunywa chai yangu nikarudi kwenye kiti. Nataka nikuambie kwamba dhamiri yangu ilisimama wima kama askari, lakini haikuwa hivyo. Dhamiri yangu ilikaa karibu nami siku mbili tatu, ikila karanga. Hesabu ilikuwa rahisi. Nikinyamaza, wageni wanafurahi, chapisho linatumwa mwisho wa mwezi, Juni nahitimu, nyumbani nafasi inanisubiri. Nani angejua? Nilipoyatazama tena yale machapisho yote yenye nyota, mistari mingi ilikuwa imenyooka vizuri mno, na nikaanza kuwa na mashaka na fani yetu nzima. Kama dunia nzima ilikuwa inashangilia maiti, mimi nani wa kuharibu sherehe?

Kilichonishinda si uadilifu. Ni ile sentensi. Nilijaribu kuimalizia kwa Kichina, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na katika lugha zote ilikwama mahali pale pale: ghafla, taabu ikaisha. Nilikuwa ninarudi nyumbani kufundisha. Ningesimama mbele ya vijana wa watu na kuisema sentensi hiyo kila mwaka hadi nistaafu, na kila mwaka pangekuwa na mmoja nyuma darasani, asiye na adabu, ambaye angeuliza ilikwenda wapi.

Alhamisi asubuhi niliondoa chungwa, nikaliweka pembeni kwa heshima zake, nikaisimamisha seli.

Kuipima hakuhitaji ujanja. Seli hai, ukipima ukinzani wake, ina ugumu fulani, kwa kuwa chembe lazima zivuliwe wapambe ndipo ziingie. Waya hauna ugumu huo. Umeme unapita tu. Mashine ilichora alama yake karibu na sifuri na kukaa hapo. Nikachukua koleo nikaifungua. Katikati ya zinki mbili huwa pana karatasi nyeupe laini ya nyuzi za kioo, ya kuzitenganisha. Kwenye karatasi yangu palikuwa na doa la kijivu. Niligeuza upande wa pili. Doa lilikuwepo pia.

Huo ndio ule mwiba. Ulikuwa umevuka wakati kuta zinatoka jasho, na tangu asubuhi ile umeme ulikuwa unapita juu yake kama mtu anayevuka daraja, na hakuna mheshimiwa hata mmoja aliyesogea. Mstari ulinyooka kwa kuwa hapakuwa na kazi yoyote inayofanyika. Tulikuwa tumemlia marehemu bata na kumwekea chungwa, na kila Jumatatu tulimsifu kwa utulivu wake.

Nilimkuta laoshi ofisini kwake akinywa ile chai ya mitishamba ya mji huo, nyeusi na chungu, ambayo watu wa Guangzhou hunywa wakiona matatizo yanakuja. Alikuwa ameanza mapema.

"Laoshi, seli imekufa."

"Lini?"

"Wiki kadhaa kabla hujatupeleka kula bata."

Alitazama dirisha lililokuwa likitiririka maji kwa ndani. "Mstari bado umenyooka?"

"Ulikuwa umenyooka mpaka nilipoisimamisha."

"Waya nao umenyooka," alisema, kama anayejifundisha mwenyewe somo la kwanza. Akanywa funda, akakunja uso. "Nani mwingine anajua?"

"Kaka mkubwa."

"Alisema nini?"

"Alinishauri nipumzike."

Laoshi alinitazama, na nadhani alijua hasa kaka mkubwa alisema nini. "Kesho utaeleza wewe, kama ilivyopangwa."

"Nieleze nini, laoshi?"

"Ulichoniambia. Ila usitumie ile mifano ya waheshimiwa na wapambe. Wageni wengine ni waheshimiwa."

Ijumaa wakaja. Walipiga picha na mimi, wakapiga picha na kabati, na mmoja akapiga picha na chungwa. Nikaeleza. Nikawaonyesha karatasi yenye doa, mstari wenye vinundu na mstari usio na vinundu, nikawaeleza jinsi seli iliyokufa inavyoweza kuonekana na afya kuliko iliyo hai. Laoshi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alipokea hapo hapo na kuwatangazia kwamba maabara yake imekuwa ikishughulikia kwa muda mrefu tatizo kubwa la uhai wa uongo katika betri za zinki. Muda mrefu, kwa maana ya tangu jana. Sijawahi kumheshimu kama siku ile. Mtu wa kiwanda aliuliza kama kuna kiungo cha bei rahisi zaidi. Mwingine aliuliza chakula ni saa ngapi. Hawakurudi tena.

Jumatatu laoshi alitoa amri: seli zote zisimamishwe na kupimwa. Wiki hiyo maabara yetu ilikuwa na misiba. Ya majani ya chai ilikuwa waya. Ya kamba ilikuwa waya, na bado ilinuka. Mbili za kaka mkubwa, ambazo alikuwa amezitunza kwa subira ya miaka, zilikuwa waya mtupu. Alizifungua yeye mwenyewe, akazipanga juu ya karatasi, akasema, "Jumamosi imefika." Kama ilivyo kawaida ya msiba wowote, walikuwepo pia waliofaidika: nafasi za kabati zilibaki wazi, na waliokuwa kwenye foleni tangu Mwaka Mpya walijitahidi kuonekana na huzuni.

Juni ilipita bila mimi. Niliomba kuongezewa nusu mwaka na nikaongezewa, baada ya kueleza kwa ofisi tatu kwamba betri yangu ilikufa, na kila ofisi kunipa pole kana kwamba ni ya simu. Nyumbani hawakuweza kungoja. Nafasi yangu ilichukuliwa na kijana aliyesomea betri za aina nyingine katika nchi nyingine. Namtakia heri. Natumaini zake zinakufa vizuri.

Nilitengeneza seli upya. Safari hii nilitumia bati jembamba, kwa sababu zamani tulikuwa tunatumia bati nene kiasi kwamba lingeweza kuliwa na wapambe miaka kumi bila kuonyesha aibu. Nilipunguza utamu hadi kiasi kidogo kabisa ambacho bado kilileta tofauti. Kila mara nilipotaka, niliisimamisha na kuipima, desturi iende zake. Mstari wake ulikuwa mbaya kuutazama, umejaa vinundu, unapanda polepole kama mtu mwenye magoti mabovu. Lakini ulikuwa unafanya kazi, na kiungo kilikuwa kinasaidia kweli. Seli isiyo nacho ilikufa mapema zaidi. Na yangu pia ikafa, katikati ya mvua za kimbunga, kwa kuvimba, mbele ya macho yangu, mstari ukaruka juu kama inavyotakiwa. Nilifurahi hadi nikampigia Mama wa Lubumbashi.

"Imekufa," nilimwambia.

"Pole, mutoto yangu."

"Hapana, imekufa vizuri."

"Ninyi batu ba masomo," alisema, "Mungu abasaidie."

Kwenye mchoro wa mwisho, kazi yangu iliangukia katikati ya kondoo wa kijivu. Laoshi alitaka nyota ibaki, hata kama imekaa chini. Mimi nilitaka kidoti. Tulipatana kidoti chekundu. Jarida lililolikubali chapisho letu halikuwa lile tulilolitaja tukila bata, lakini lilikubali, na idara ikahesabu.

Siku ya utetezi wa tasnifu palikuwa na maprofesa watano mezani na majani ya chai yakielea kwenye chupa zao. Mmoja, aliyetoka chuo kingine, alifunua kurasa zangu hadi kwenye mchoro akauliza swali nililokuwa nalitarajia.

"Seli yako iliishi muda mfupi kuliko nyingi zilizochapishwa. Kwa nini?"

"Kwa sababu yangu ilikufa, mwalimu," nilisema. "Na najua ilikufa lini."

Laoshi alitazama ndani ya kikombe chake. Nyuma ya chumba kaka mkubwa alikohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa. Profesa yule aliniangalia, akaangalia mchoro, na nikaona kwa jinsi alivyoinamisha kichwa kwamba anafikiria seli fulani aliyoiacha maabara kwake, inayokwenda vizuri sana. Aliandika kitu pembeni. Kisha akauliza kama kwetu kuna zinki, nikasema ipo, juu ya kila paa, na wakaniambia nitoke nje wajadiliane. Waliponiita ndani nilikuwa daktari.

Sasa nafundisha chuo cha ufundi, si kile kilichonipeleka. Wanafunzi wangu hupewa seli mbili, moja hai na moja waya, waseme ipi bora, na kila mwaka karibu wote huchagua waya. Huwa siwacheki. Nawaambia wamechagua kama maprofesa.

Kaka mkubwa alihitimu mwaka uliofuata, kwa betri zilizokufa kama zangu. Siku naondoka aliniletea kikopo cha chai, na ndani yake hapakuwa na chai. Palikuwa na ganda kavu la lile chungwa la kabatini.

"Hili kweli linazidi kuwa bora likizeeka," alisema.

"Mmelipima?"

"Onja kila mwaka, utaniambia."

Nimefuata maagizo. Mwaka wa kwanza lilikuwa chungu. Mwaka huu bado ni chungu, ila nadhani uchungu umepungua kidogo, na kwa kuwa umepungua polepole, niko tayari kuamini.